Jibu la mtaalamu: Masalia ya amalgamu yaende wapi, na halmashauri ikague nini kwenye kliniki za meno?

SWALI: Mimi ni Afisa Afya Mazingira katika manispaa moja ya Kanda ya Ziwa. Mkurugenzi ameniagiza niandae utaratibu wa kukagua taka hatarishi za kliniki za meno, za binafsi pamoja na ya hospitali yetu. Nimeanza na tatu za binafsi. Zote zina ndoo za rangi, visanduku vya sindano, na risiti za mkandarasi wa taka. Kwa macho yangu ni safi. Ila daktari mmoja aliniuliza, "Afisa, haya masalia ya amalgamu mnataka niyapeleke wapi?" Sikuwa na jibu. Halmashauri ina mamlaka gani katika jambo hili, na nianzie wapi wakati hatuna maabara wala bajeti?

JIBU: Ndugu yangu, daktari huyo amekusaidia kuliko kliniki zote tatu zilivyokusaidia. Swali lake ndilo la kujibiwa kabla hujaandika hata mstari mmoja wa utaratibu, maana ukimkataza mtu kumwaga kitu bila kumwonyesha pa kukipeleka, atakimwaga usiku.

Sina shaka kwamba kliniki ulizoziona ni safi. Lakini utaratibu wa ndoo za rangi uliwekwa kwa ajili ya vijidudu. Unalenga damu, usaha na sindano, vitu ambavyo ukivichoma au ukivitia dawa vinakwisha nguvu. Amalgamu inabeba zebaki, na zebaki haina vijidudu na haifi. Ukiichoma inapaa, ukiitia dawa fulani inayeyuka majini, ukiimwaga inatulia chini ya bomba na kungoja. Kwa hiyo unaweza kukagua kliniki kwa fomu ya kawaida ya udhibiti wa maambukizi, ukaipa alama zote, ukaondoka bila kuiona ile taka ambayo kimsingi ndiyo iliyokupeleka pale.

Amalgamu ni lile zibo la jino lenye rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na iliyobaki ni mchanganyiko wa fedha, bati, shaba na mara nyingine zinki. Siku hizi huja kwenye kapsuli zilizopimwa tayari, na kapsuli ya ukubwa mdogo ina kama gramu 0.4 za zebaki. Piga hesabu: kliniki inayotumia kapsuli tatu kwa siku, siku 250 za kazi, imeingiza gramu 300 za zebaki mlangoni kwake kwa mwaka. Si nyingi kwa kuitazama, zingetosha kwenye kikombe kidogo cha kahawa na zisikijaze. Sehemu yake hubaki mdomoni mwa wagonjwa. Nyingine hubaki kwenye kapsuli tupu na kwenye kile kisichotumika. Nyingine huchongwa daktari anapolainisha zibo, ikatemwa au ikafyonzwa. Kisha kuna mazibo ya zamani yanayotobolewa kwa dreli: haya hutoa unga laini sana uliochanganyika na maji na mate, na ndio mgumu kuliko yote kuudaka.

Hapo ndipo ujihadhari na jibu utakalosikia kila kliniki: "Sisi hatutumii tena amalgamu, tunatumia vifaa vya rangi ya jino." Linaweza kuwa kweli kabisa, na bado kliniki ikawa inamwaga zebaki kila wiki, kwa sababu wagonjwa wanakuja na mazibo waliyowekewa miaka ishirini iliyopita na yanatolewa palepale kitini. Usiulize tu kama wanaweka amalgamu. Uliza kama wanaitoa.

Sasa fuata maji. Kiti cha meno kina beseni la kutemea na mara nyingi mpira wa kufyonza mate. Njia ya kufyonza huwa na chujio dogo pale kitini, lenye matundu ya kama milimita 0.7, na kwenye pampu huwa na chujio jingine. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilikadiria kwamba machujio haya mawili yakiwapo yote na kutunzwa vizuri hudaka karibu asilimia 78 ya vipande. Kinachopita ni ule unga laini, na unga huo huenda na maji mpaka kwenye bomba la majitaka au, kwa kliniki nyingi za miji yetu, kwenye shimo la nyuma ya jengo, ambalo gari la majitaka litalinyonya siku moja na kulimwaga kwenye mabwawa. Vipande vizito haviendi mbali. Hujikusanya kwenye kona ya bomba chini ya sinki, miaka na miaka. Kliniki inapohama jengo au fundi anapobadilisha mabomba, ile kona hukatwa na kutupwa pamoja na vifusi, na pengine hiyo ndiyo siku kliniki hiyo ilitoa zebaki nyingi kuliko mwaka mzima.

Ukitaka kujua ukweli wa machujio hayo, usimuulize daktari. Muulize mhudumu wa usafi, kwa upole na bila fomu mkononi: "Dada, hili chujio unalisafishia wapi?" Akikwambia analisuuza kwenye sinki chini ya bomba linalotiririka, ile asilimia 78 imekwenda yote. Hana kosa, hakuna aliyemwambia vinginevyo. Kulingana na alivyofundishwa, chujio chafu ni uchafu na sinki ndiyo mahali pa kuuondolea.

Na kuna jambo ambalo sisi watu wa afya tumelichangia wenyewe. Tumewafundisha watu wetu kwamba klorini ni rafiki. Ndoo ya kuloweka vifaa, mopu, beseni la kutemea, kila mahali Jik. Kwa vijidudu ni sawa. Lakini dawa za aina hiyo zikipitishwa kwenye bomba lenye mashapo ya amalgamu huilegeza zebaki, na ile iliyokuwa imetulia kama punje inageuka kuwa ndani ya maji, ambako hakuna chujio linaloweza kuidaka. Kanuni ya EPA ya mwaka 2017 kwa kliniki za meno inakataza waziwazi kusafisha mabomba ya kitini kwa dawa zenye klorini, na inataka dawa inayotumika iwe na pH kati ya 6 na 8. Kwa hiyo utakapoandika mwongozo wako, kaa kwanza na mratibu wa udhibiti wa maambukizi wa manispaa. Mkifika kliniki moja, wewe ukisema "msimwage klorini hapa" na yeye akisema "mimineni klorini hapa", mwenye kliniki atachagua maneno ya aliyekuja mwisho. Klorini ibaki kwenye ndoo ya vifaa na kwenye sakafu. Kwenye mpira wa kufyonza na beseni itumike dawa isiyo na klorini.

Upande wa ndoo nao una mtego wake. Fikiria jino lililong'olewa likiwa na zibo la amalgamu. Lina damu, kwa hiyo mhudumu mwaminifu analitia kwenye ndoo ya taka zenye maambukizi. Vivyo hivyo pamba yenye vipande vya zibo, na kapsuli tupu. Ndoo inakwenda kwenye kichomea taka, kwingi kwetu kile cha matofali cha aina ya De Montfort. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, na kichomea kinachofanya kazi vizuri hupita nyuzi 800. Karibu hakuna kinachobaki kwenye majivu. Karibu yote inatoka kwenye bomba la moshi, juu ya vichwa vya mhudumu anayechochea moto na wagonjwa wanaosubiri benchi la nje. Kwa hiyo yule aliyefuata maelekezo ya rangi bila kukosea ndiye aliyeivukiza. Agizo la kwanza la kuandika kwa herufi kubwa ni hili: chochote chenye amalgamu, hata kama kina damu, hakiendi kwenye kichomea wala kwenye mashine ya kutakasia kwa mvuke. Jino lenye zibo liingie kwenye chombo chake peke yake, baada ya kutiwa dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji joto.

Najua kuna diwani atakayesimama na kusema: "Huku kwetu wachimbaji wadogo wanachomea dhahabu kwa zebaki hadharani, nyinyi mnahangaika na madaktari wa meno?" Ana hoja. Duniani kote, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza kutoa zebaki hewani, na mikoa yenu inaujua vizuri. Lakini mjibu mambo mawili. La kwanza, kliniki ina anwani, leseni ya biashara na bomba lisilohama. Ni mahali ambapo halmashauri inaweza kufanikiwa mwaka huu. La pili linamgusa yeye moja kwa moja: katika nchi nyingi zenye uchimbaji, zebaki ya chupa iliyoingizwa kwa jina la matibabu ya meno imewahi kuishia machimboni. Ndiyo maana nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule mkataba wa kimataifa unaohusu zebaki, katika mkutano wao wa 4 mwaka 2022, zilikubaliana kuwazuia madaktari wa meno wasitumie zebaki ya majimaji kutoka kwenye chupa, ibaki ile ya kapsuli tu. Ukiingia kliniki ya Kanda ya Ziwa ukakuta chupa ya zebaki kabatini, usiiandike kama taka. Iandike kama swali: ilinunuliwa wapi, kwa kibali gani, na iliyotumika ilikwenda wapi. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina maabara ya kanda Mwanza, ndiyo inayosimamia kemikali za namna hiyo, na ni mshirika wako hapo.

Taka nyingine nazipitia haraka, kwa sababu ukishajua kufuata bomba hizi hazitakusumbua. Kliniki inayosafisha picha za eksirei kwa maji ya dawa ina fiksa (dawa ya kukazia picha) iliyotumika, ambayo imebeba madini ya fedha. Isimwagwe, ihifadhiwe kwenye dumu, kwani fedha hiyo ina wanunuzi wenye vibali. Kila pakiti ya filamu ina kipande cha karatasi ya madini ya risasi ndani yake, na vipande hivyo hukusanywa kwenye kopo badala ya kutupwa dampo. Waliohamia picha za kompyuta wameachana na yote mawili. Mashine yenyewe ya eksirei iko chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, wewe omba tu kuona kibali chake. Dawa za kutakasia vifaa zenye glutaraldehaidi, dawa za meno zilizokwisha muda na sindano zina miongozo yake ambayo tayari unaijua.

Nije kwenye mamlaka yenu. Yapo zaidi ya mnavyoyatumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na inasimama juu ya kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inakupa wewe mlango wa kuingia na kukagua panapohusu madhara kwa afya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, namba 8 ya mwaka 1982, inaliruhusu Baraza la Madiwani kutunga sheria ndogo, ambayo huanza kazi baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni na waziri mwenye dhamana kuridhia. Msichokuwa nacho ni mamlaka ya kumpa mtu kibali cha kukusanya na kusafirisha taka hatarishi. Hilo ni la ngazi ya taifa. Kwa hiyo zile risiti za mkandarasi ulizoonyeshwa zisome tena. Kama ni mkandarasi wa taka za kawaida wa kata, hana ruhusa ya kubeba zebaki, na kliniki haijajiondoa kwenye wajibu kwa kumlipa. Mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya mji wenu nayo ina sauti juu ya kile kinachoingia kwenye mabomba yake, na ina sababu nzuri ya kukusaidia: tope linalotoka kwenye mabwawa likijaa zebaki, haliwezi kupelekwa shambani.

Swali kubwa linabaki: muwabembeleze madaktari au muwalazimishe? Hili limeshajaribiwa mahali pengine, na matokeo yake ni ya kujifunzia. King County, jimbo la Washington huko Marekani, ndiyo kaunti yenye jiji la Seattle. Miaka ya 1990 programu ya taka hatarishi ya serikali za mitaa za eneo hilo ilikaa na chama cha madaktari wa meno, ikachapisha vipeperushi, ikatembelea kliniki, ikagawa hati za punguzo kwa atakayenunua kitenganishi. Kitenganishi ni kifaa kinachofungwa kwenye njia ya maji baada ya machujio na kudaka ule unga laini. Kinachokidhi kiwango cha kimataifa cha ISO 11143 hudaka walau asilimia 95. Uhusiano ulikuwa mzuri, semina zilijaa. Baada ya miaka mitano ya hiari, katika kliniki zipatazo 900, vitenganishi vilivyofungwa vilikuwa 24.

Mwaka 2001 kaunti ikabadilisha maneno. Ikasema: ifikapo tarehe 1 Julai 2003, kila kliniki inayogusa amalgamu iwe imefunga kitenganishi, au ithibitishe kwa vipimo kwamba maji yake hayazidi miligramu 0.2 za zebaki kwa lita. Wakaguzi walewale, vipeperushi vilevile, madaktari walewale. Safari hii sehemu kubwa ya kliniki zilitimiza, na nyingi zilichagua kitenganishi, kwa kuwa kupima maji kila mara kuna gharama na hakuna uhakika. Mwaka 2017 EPA iliweka kanuni ya namna hiyo kwa nchi nzima, ikiwapa wenye kliniki zilizokuwapo mpaka tarehe 14 Julai 2020, na usimamizi wake mwingi ukaachwa mikononi mwa mamlaka za majitaka za miji na kaunti.

Wanaosimulia kisa cha King County hupenda kuishia hapo, wakisema nguvu ndiyo dawa. Mimi nadhani wanakisoma nusu. Huko Duluth, Minnesota, mamlaka ya majitaka ilianza mapema miaka ya 1990 kushirikiana na madaktari wa meno kwa hiari, na ikafanikiwa, lakini iliwatafutia ruzuku ya vitenganishi na kuwapa njia ya kupeleka masalia. Mahali pote pawili daktari alikuwa na pa kupeleka. King County ilipoweka tarehe, makampuni ya kukusanya na kurejeleza amalgamu yalikuwapo tayari. Ninyi mkiweka tarehe leo bila njia hiyo, mtapata kliniki ishirini zenye makopo yaliyojaa chini ya sinki na madaktari wanaowachukia.

Ndiyo maana ushauri wangu unaanza na kopo. Kabla ya sheria ndogo, kabla ya faini, kila kliniki iwe na chombo cha plastiki chenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana hewa, kilichoandikwa "TAKA ZA AMALGAMU, ZINA ZEBAKI, USICHOME". Humo viingie vilivyodakwa na machujio, kapsuli tupu na kile kisichotumika. Meno yenye mazibo yawe na chombo chao. Mtu akikushauri umimine fiksa iliyotumika juu yake ili kuzuia mvuke, huo ni ushauri wa zamani, umeachwa, kwa sababu unakupa taka mbili badala ya moja. Chombo kikae mbali na joto na kwenye kabati linalofungwa. Amalgamu iliyoganda haina haraka ya kuvuja. Kliniki ndogo inaweza kuihifadhi kwa miezi mingi bila hatari, mradi kifuniko kiwe kimefungwa.

Kisha manispaa, kupitia Mganga Mkuu na daktari wa kinywa na meno wa halmashauri, itenge mahali pamoja pa kupokea. Chumba kidogo chenye hewa na kufuli kwenye hospitali kinatosha, na rejista: kliniki gani, tarehe, uzito, nani kaleta, nani kapokea. Mzigo wa kliniki moja hauwezi kumleta mkusanyaji mwenye kibali kutoka mbali. Mzigo wa kliniki zote za manispaa, au za manispaa tatu jirani zilizokubaliana, unaweza. Kumbuka ndani yake mna fedha, hivyo warejelezaji wa nje wana hamu nayo. Kuivusha mpaka kunapita kwenye taratibu za Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi, na vibali vya taifa, na hapo mwanasheria wenu ataandika barua kwa ofisi za mazingira za taifa mapema, maana barua hizo huchukua muda wake. Zianze kuandikwa siku ileile makopo yanapogawiwa.

Kwa jinsi hii, daktari aliyekuuliza unamjibu wiki hii: "Weka kwenye kopo hili, usichome, usimwage, tutakupigia siku ya kuleta." Ni jibu pungufu, lakini ni la kweli, na atalifuata.

Nenda nalo pole hadi hapo, kisha weka tarehe. Sheria ndogo isiwe ndefu. Izitenge kliniki kwa kazi: zinazoweka au kutoa amalgamu zifunge kitenganishi kabla ya siku iliyotajwa; zinazong'oa tu ziwe na chombo cha meno yenye mazibo; anayetengeneza mpangilio wa meno kwa nyaya asisumbuliwe kwa kitu asichogusa. Marekani nao waliwasamehe wataalamu wa aina hiyo. Iweke kwamba kifaa kikiharibika kitengenezwe ndani ya siku 10 za kazi, kichujio chake cha ndani kibadilishwe kinapojaa au walau mara moja kwa mwaka, na kumbukumbu zitunzwe miaka 3. Na iweke kipengele ambacho wengi hukisahau: kliniki inayofunga, inayohama au inayobadilisha mabomba itoe taarifa kwanza, ile kona ya bomba ifunguliwe mbele ya afisa na mashapo yake yaingie kwenye kopo.

Usidanganyike kuomba bajeti ya maabara. Maji ya kliniki ya meno hayafanani asubuhi na jioni. Ukichota wakati hakuna zibo lililotobolewa utapata maji safi, ukichota dakika tano baada ya dreli utapata majanga, na mwenye kliniki atajua ni saa ngapi akukaribishe. Ukaguzi wako uwe wa macho na karatasi: fungua chujio, tazama kitenganishi, linganisha idadi ya kapsuli zilizonunuliwa na uzito ulioletwa kwenye chumba cha mapokezi. Kliniki iliyonunua kapsuli mia sita na kuleta kopo tupu ina maelezo ya kutoa, na hesabu hiyo haihitaji mashine.

Kuhusu gharama, kitenganishi huanzia dola mia kadhaa na kupanda kulingana na idadi ya viti. Vipo vya kutuamisha tu, visivyohitaji umeme, vinavyofaa kliniki yenye beseni bila pampu. Mwanzoni mwa muongo uliopita UNEP na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na ya afya, waliendesha mradi wa kupunguza amalgamu katika Kenya, Uganda na Tanzania, na vitenganishi vilijaribiwa kwenye baadhi ya kliniki, hivyo si kifaa cha kigeni kwa madaktari wetu. Daktari atakayelalamika kuhusu bei mkumbushe njia nyingine iliyo wazi: aachane na amalgamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Makubaliano ya 2022 yanazitaka nchi zizuie au zishauri dhidi ya kuiweka kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone haina budi. Mkutano wa 6 wa Novemba 2025, Geneva, umekubaliana amalgamu isitishwe ifikapo 2034. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeshatangulia tangu Januari 2025. Wala si lazima mbadala uwe wa gharama na umeme: ile njia ya kusafisha jino kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji ya ioni za kioo, inayotumika leo duniani kote, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kitenganishi bado kitahitajika kwa mazibo ya zamani, ila kitajaa polepole zaidi kila mwaka.

Jambo moja la mpangilio wa kazi. Umesema umeanza na kliniki za binafsi. Simamisha hapo. Kliniki ya meno ya hospitali yenu wenyewe iwe ya kwanza kupata kopo, ya kwanza kufungua kona ya bomba, ya kwanza kutenganisha meno yenye mazibo na kichomea. Halmashauri haiwezi kumtoza faini daktari wa mtaa wa pili wakati kiti chake yenyewe kinamwaga kwenye shimo la nyuma, na mawakili wa wenye kliniki wataliuliza hilo siku ya kwanza ya maoni ya sheria ndogo. Nenda Jumatatu, saa mbili asubuhi kabla wagonjwa hawajaingia, na uanze na mhudumu wa usafi.